Ndege Haina Kona

Siku tuliyomzika Mwalimu, kwenye migomba yake huku Kamuli, nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wanafunzi aliowafundisha. Nilisimama mbele ya watu wote wale, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Shikamoo Mwalimu," nikarudi kukaa. Watu walidhani nimezidiwa na uchungu. Mama mmoja wa kwaya alinipapasa mgongo akaninong'oneza pole. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maneno mengi mno, na mengi kati yake hayasemwi mbele ya jeneza.

Basi nayaandika hapa, ili yasije yakanioza tumboni.

Mimi ni nesi. Sikio langu la kushoto halisikii kitu, na aliyeliua ni Mwalimu, kwa kofi moja, nikiwa darasa la sita shule ya msingi Nyabiyonza. Kosa langu lilikuwa umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba hadi uwanja wa ndege wa Mwanza. Nilijibu sawa. Aliyekosea ni yeye. Kwa karibu miaka thelathini nilimdai mtu yule jambo moja tu, aseme kwa kinywa chake kwamba nilijibu sawa. Sikutaka pole yake wala machozi yake. Nilitaka ile sentensi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali zake alizipandisha juu mno, mpaka soksi zote zikaonekana. Sauti yake haikuwa kubwa. Hakuhitaji sauti, maana alikuwa na fimbo. Wengine walipiga kwa chochote kilichokuwa karibu, yeye alichagua. Kila mwaka, watu wa Nyabiyonza walipokuwa wakipogoa kahawa, alipita vibanjani kuomba yale machipukizi marefu yanayoota wima kwenye mibuni. Wenye mashamba waliyakata wakampa huku wakicheka, kisha watoto wao wakaenda kupigwa nayo. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba mzigo wa fimbo hizo kichwani kutoka kwetu hadi shuleni, kwa amri ya baba yangu, na fimbo ya kwanza kutoka kwenye mzigo ule ilinipata mimi kwa kuchelewa.

"Dunia ni mviringo," alipenda kusema, akiikunja fimbo kupima kama haijakauka, "lakini hii imenyooka."

Tulicheka. Ilibidi ucheke, asiyecheka aliitwa mbele.

Hakuwa na dogo. Ulichafua daftari, unapigwa. Ulisema "Bukoba iko juu ya Mwanza" badala ya kusema kaskazini magharibi, unapigwa, na unapigwa tena kwa ile "juu". Siku moja alimchapa kijana mmoja anaitwa Deusi, aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka kwa shangazi yake mbali sana, mpaka kaptula ikachanika nyuma. Deusi aliposhika kaptula kwa mikono miwili ili asiaibike, Mwalimu akamchapa mikono. Naiona hadi leo ile mikono. Mmoja wetu alijikojolea kwa kutazama tu.

Ndege, sasa. Sijui mapenzi yale yalimwingia wapi. Sisi watu wa Karagwe ndege tulikuwa tunaziona juu kabisa, zinakwenda Kigali au Entebe, zimeacha mstari mweupe angani. Mwalimu akisikia ule mvumo alikatiza somo lolote, hata kama anachapa. Fimbo inabaki hewani, anageuza kichwa, kisha anatutoa wote nje. Tunasimama uwanjani tumeinua nyuso, na yeye katikati yetu ameweka kiganja juu ya macho.

"Hiyo imetoka Dar es Salaam. Inakwenda Kigali. Imebakiza dakika kumi na mbili."

Nani angempinga? Tulihesabu naye dakika kumi na mbili, tumesimama juani, na zilipokwisha alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ameiona ikitua. Nyakati hizo uso wake ulikuwa uso wa mtu mwingine. Ningeweza kumpenda mtu yule. Kisha tunarudi darasani, na aliyekuwa akichapwa anaitwa kumalizia zilizobaki.

"Ndege haina kona," alitufundisha. "Basi linazunguka ziwa, linapanda mlima, linangoja kivuko. Ndege inakwenda kama kamba iliyovutwa. Ukiwa na kamba na ramani, unajua safari yote kabla hujapanda."

Na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kupanda. Hilo tulilijua kupitia kwa mkewe, Mama Mwalimu, mwanamke mnene mpole aliyetuuzia maandazi. Alituambia kuwa mumewe aliwahi kuitwa mkutanoni Dar es Salaam na nafasi ya ndege ikawepo, akaikataa, akapanda basi, akasafiri siku mbili, akarudi miguu imevimba. Alipoulizwa alijibu, "Nani akae kwenye kitu kisichoshikwa na kitu?"

Kamba yenyewe ilikuwa ya mgomba. Aliichuna yeye mwenyewe kutoka kwenye mgomba mbichi, akaichana nyembamba, akailaza kwenye rula ingali na maji yake, akaitia alama za wino kila sentimita moja. Kwenye ramani yetu kubwa ya kitambaa, sentimita moja ilikuwa kilomita kumi. Kwa hiyo alama moja kilomita kumi, alama mbili ishirini, mtoto yeyote angeweza. Alipomaliza somo aliipeleka nyumbani, akaining'iniza juu ya jiko la kuni, pale ambapo watu wetu huning'iniza kila wasichotaka kiliwe na wadudu. Mbegu, ngozi, mitego ya senene, vyote hukaa kwenye moshi. Na kamba ya Mwalimu ikakaa pale, mwaka baada ya mwaka.

Mnaojua mgomba mmeshaelewa. Kamba mbichi ikikauka inanywea, na alama zake zinasogeleana. Mwanamke yeyote wa kwetu anayefunga mzigo wa majani anajua, ndiyo maana huilowesha kwanza. Mwalimu naye alijua, alikuwa na migomba kama sisi. Ila alikuwa akifikiri habari za Entebe na Kigali, na hakufikiri habari za jiko la mkewe.

Hapa lazima niseme na mazuri yake, maana kama nitayaficha nitakuwa mwongo kama yeye. Nilipokuwa darasa la nne, mtoto mmoja wa darasa letu alishikwa na malaria ya kupanda kichwani, akawa anapiga kelele na kuuma watu. Mvua ilikuwa inamwagika na pikipiki hazikuwepo kama sasa. Mwalimu alimfunga yule mtoto mgongoni kwa shuka la mkewe, kama mwanamke, akatembea naye matopeni mpaka hospitali ya misheni. Yule mtoto alimng'ata bega njiani mpaka damu ikatoka. Hakumshusha. Alirudi siku ya pili amefungwa bendeji, akaingia darasani, akachapa wawili kwa kutofanya kazi aliyoacha.

Nyuki wake hawakumuuma. Alikuwa na ng'ombe aliyemwita kwa jina la kike la kizungu, na alikuwa akimwimbia. Mwanawe wa pekee, Adriani, hakumwimbia. Adriani alisoma darasa moja nyuma yangu na alipigwa mara mbili, shuleni kama mwanafunzi na nyumbani kama mwana, kwa kosa lile lile. "Nyumbani hakuna Mwalimu, kuna baba," alisema Mwalimu, "na baba naye lazima ahesabu yake." Adriani alipomaliza darasa la saba alipanda lori la ndizi akaenda Mwanza, na hakurudi hata Krismasi.

Sasa ile siku.

Mjomba wangu aliyekuwa karani Bukoba alikuwa ameniletea kikasha cha vifaa vya hesabu, na ndani yake rula ya plastiki ya sentimita ishirini, inayopitisha mwanga. Nilikwaruza jina langu nyuma yake kwa ncha ya bikari: KOKU. Nilijiona mtu mkubwa. Siku hiyo Mwalimu alitundika ramani, akatoa kamba yake kwenye mfuko wa koti, akapima mbele yetu kutoka Bukoba, akavuka ziwa, akafika Mwanza.

"Alama ishirini. Kilomita mia mbili. Ndege ndogo inakwenda kilomita nne kwa dakika, kwa hiyo?"

"Dakika hamsini, Mwalimu!" darasa likaitika.

"Koku. Njoo urudie, wenzako waone."

Nilikwenda na rula yangu. Sikuwa na kiburi, Mungu ananiona. Nilidhani atafurahi kuona kifaa kipya. Niliilaza kwenye ramani, nikatazama, nikatazama tena.

"Kumi na saba na nusu, Mwalimu. Kilomita mia moja sabini na tano."

"Ngapi?"

"Mia moja sabini na tano. Dakika arobaini na nne, kasoro kidogo."

Aliniambia nipime tena kwa kamba. Nilipima, ikaja ishirini. Akaniuliza, "Kwa hiyo?" Mtoto mwenye akili angesema mia mbili akarudi kukaa. Mimi nilisema, "Kwa hiyo kamba imenywea, Mwalimu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Nadhani alikuwa Deusi. Kile kicheko ndicho kilichoniponza.

Sikuliona kofi likija. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, ndani ya kichwa changu, halafu nikawa sakafuni, na mdomo wangu umejaa vumbi la chaki. Aliniinua kwa kola akanipiga tena, safari hii kwa fimbo, mgongoni, miguuni, popote. Alikuwa akisema "mia mbili" kila pigo. Mia mbili. Mia mbili. Alitaka niseme naye. Nilisema. Nilisema mia mbili mara nyingi, huku damu ikinitiririka kutoka sikioni hadi shingoni na kuingia kwenye kola ya shati la shule. Alipoiona damu ndipo aliposimama. Aliitazama fimbo, akaitazama rula yangu sakafuni, akaiokota akaitia mfukoni. Akatuambia tufungue ukurasa unaofuata.

Mama yangu aliposikia alichukua panga. Sisemi kwa kutia chumvi, wanawake watatu walimkamata njiani wakamnyang'anya. Baba yangu yeye aliniuliza kwanza nilifanya nini, nikamweleza, akasema, "Umembishia Mwalimu mbele ya darasa," akatikisa kichwa, akatoka kwenda kwenye kahawa. Simlaumu leo. Siku ile nilimchukia kuliko Mwalimu.

Asubuhi yake Mwalimu alikuja nyumbani amebeba mkungu mzima wa ndizi begani na chupa ya asali mkononi. Alisimama uani, shati limelowa jasho.

"Nimekuja kumjulia hali mtoto," alisema.

"Mtoto ana jina," mama alisema. "Na alikuwa na masikio mawili."

Mwalimu aliweka mkungu chini taratibu, akaniangalia nilivyolala kwenye mkeka mlangoni. Nilingoja. Hata katika umri ule nilijua ninangoja nini. Akasema, "Pole, soma kwa bidii," akaondoka. Mama aliutupa ule mkungu barabarani, na mbuzi wa jirani wakaula siku mbili.

Tangu siku hiyo rula zikapigwa marufuku kwenye ramani. Kila mwaka darasa la sita lilipimishwa kwa kamba ile ile, Bukoba hadi Mwanza, na kila mwaka walijibu mia mbili. Aliyebahatisha jibu lingine alipata cha moto. Deusi alirudia darasa mwaka uliofuata, akajibu mia moja sabini na tano makusudi, kwa ajili yangu au kwa ukaidi wake tu, na alivunjwa kidole. Adriani naye alipigwa kwa swali hilo. Watoto wa watu walikuwa wakitokwa damu kwa kilomita ishirini na tano ambazo hazipo.

Nilisoma, nikawa nesi, nikapangiwa zahanati huku Kamuli, wilaya ya Kyerwa. Wiki ya kwanza nikamwona mzee mrefu amevaa suruali iliyopanda juu, anavuka barabara na ng'ombe mmoja. Alikuwa amestaafu, amenunua kibanja, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilisimama wima mikono nyuma, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wawili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Koku. Umekuwa mkubwa, waitu, mwenzetu."

Alijua jina langu bila kufikiri. Tukawa majirani. Mama Mwalimu alipougua nilimwuguza, na alipofariki nilimvalisha. Mwalimu alikuja zahanati kupima presha kila Jumatatu, akakaa upande wangu wa kulia bila kuambiwa, maana alijua vizuri upande upi umekufa. Tulizungumza habari za mvua, mnyauko wa migomba, bei ya kahawa. Mara nyingine ndege ilipita juu, naye akainua kichwa, midomo ikihesabu. Nilifunga ile bendeji ya presha mkononi mwake nikaipuliza mpaka akakunja uso. Nilikuwa nangoja. Jumatatu baada ya Jumatatu nilingoja, na hakusema.

Halafu zikaja simu hizi za kupangusa. Jumapili moja alasiri, baada ya ibada, wazee walikuwa wamekaa kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na Deusi alikuwepo. Deusi ni mtu wa bodaboda sasa, anaishi Mabira, ana mwili wa kubeba magunia na kile kidole chake hakikunyooka tena. Nilivyosimuliwa na waliokuwepo, Mwalimu alikuwa anawaeleza watu safari za ndege. Deusi akaiandikia simu yake: Bukoba, Mwanza, ndege. Siku hizi kuna kurasa zinakujibu papo hapo, umbali na muda, huhitaji ramani.

"Mwalimu," Deusi alisema kwa sauti ili kilabu kizima kisikie, "simu inasema mia moja sabini na tano."

"Simu imekosea."

"Tuulize na nyingine?" Vijana wawili wakatoa zao. Mia moja sabini na tano. Watu wakaanza kucheka. "Mbwenu, sasa Mwalimu, zote zimekosea?"

"Ndege haina kona!" Mwalimu alifoka.

"Ndege haina kona," Deusi alisema, akinyanyua kile kidole, "lakini hiki kinayo. Na Koku je? Sema hapa mbele za watu. Alikosa nini yule mtoto?"

Mwalimu alisimama, akaipokonya simu ya Deusi, akaitupa kwenye moto uliokuwa ukichoma nyama. Kisha akainua fimbo yake ya kutembelea, akamchapa Deusi usoni, mtu mwenye miaka arobaini na watoto watano. Deusi akawa mbogo. Aliokota jiwe la figa, likiwa na moto wake, akarusha.

Nilikuwa nyumbani nachambua maharage niliposikia pikipiki inakuja kwa kasi isiyo ya kawaida. Ilikuwa ya Deusi. Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake kwenye tangi, ameegemea kifua chake, na Deusi amemzungushia mkono mmoja kumshikilia huku akiendesha kwa mwingine. Wote wawili walikuwa wamejaa damu, na Deusi alikuwa analia kama mtoto.

"Sista, nimemuua Mwalimu. Nimemuua Mwalimu, nisaidie."

Hakuwa amekufa. Jicho la kulia lilikuwa limepasuka, na la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani. Nilimsafisha. Daktari wa hospitali ya wilaya aliandika rufaa ya Mwanza, akasema barabara ile ndefu itamtikisa mno, tukifika Bukoba apande ndege. Adriani alituma tiketi mbili kutoka huko huko Mwanza, moja ya baba yake na moja yangu, na ujumbe mfupi: "Dada Koku, mwambie asimuulize rubani maswali."

Deusi alitukodia gari, akatusindikiza hadi daraja la Kyaka, akashuka bila kuaga. Baadaye, Mwalimu alipofariki, ndiye aliyechimba kaburi lake. Polisi walipomhoji, Mwalimu alisema amejikwaa.

Uwanjani Bukoba, pembeni ya ziwa, alikaa ameshika mkono wangu kwa nguvu, jicho moja limefungwa na jingine linaona ukungu. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyetutisha sote kwa miaka ile sasa alikuwa ananing'ang'ania kama mtoto. Sikumwonea huruma kama nilivyopaswa, nilitaka aogope zaidi.

Nilimkalisha upande wangu wa kulia. Ndege ilipoacha ardhi alitoa mlio mdogo wa koo.

"Angalia saa," alisema. "Umeangalia? Anza kuhesabu kuanzia sasa. Mimi sioni."

"Nimeangalia, Mwalimu."

"Chini kuna nini?"

"Maji."

"Visiwa?"

"Viwili. Kimoja kina mapaa ya bati."

Sauti ya rubani ikaja, ikatukaribisha, ikataja mwendo na muda, na mimi sikusikia vizuri kwa mvumo wa injini. Mwalimu alisikia. Alipapasa ndani ya koti, upande wa kifuani, akatoa kitu kilichozungushiwa kitambaa, akaniwekea mapajani. Nilifungua. Ilikuwa rula ya plastiki iliyogeuka manjano. Nyuma yake, kwa herufi za mtoto: KOKU.

"Nilipima jioni ile ile," alisema. "Nilipofika nyumbani. Nilipima kwa rula yako mara nne. Ulijibu sawa."

Ndiyo hiyo sentensi. Miaka karibu thelathini nilikuwa nimeiandalia mahali pa kuikalisha, na ilipokuja sikuwa na pa kuiweka, maana nyuma yake niliiona nyingine.

"Jioni ile ile?"

"Ego, jioni ile ile. Ndiyo maana nilileta ndizi."

"Na Deusi? Alipigwa mwaka uliofuata. Kidole chake. Adriani je, mwanao wa kumzaa? Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

Aligeuza kwangu ule uso wenye bendeji. "Ningesemaje, Koku, na nilikuwa nimeshapiga?"

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza somo. Aliamini nitaelewa. Na jambo baya ni kwamba nilielewa. Kumbe kule kote kutojua nilikomsingizia, ule ujinga wa kamba ya mgomba nilioukuzia hasira yangu taratibu, haukudumu hata usiku mmoja. Mengine yote aliyafanya akijua. Alipiga watoto miaka yote ile ili kofi langu lisiwe la bure.

"Nipige," alisema. "Mkono unao. Nipige tumalizane."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Nilikuwa na rula ndani yake na upande wa jicho lililofungwa ulikuwa mbali na mimi, lakini ule mwingine, ule unaoona ukungu, ulikuwa hapa hapa. Nilitaka. Nasema wazi kwamba nilitaka kumpiga mzee mgonjwa niliyekabidhiwa, nimpige mpaka aseme mia moja sabini na tano kwa kila pigo. Mhudumu akapita, akatutabasamia, akasema tunaanza kushuka, nimsaidie babu kufunga mkanda.

Nilimfunga. Nilishika ncha ya mkanda nikauvuta mpaka akaguna, nikauvuta tena kidogo, na sikuulegeza.

Magurudumu yaligonga lami ya Mwanza. Watu wakashusha pumzi. Mwalimu alinishika mkono kwa vidole vyake vyote vitano, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Dakika ngapi, Koku? Umehesabu? Zilikuwa ngapi?"

Nilikuwa nimezihesabu zote, tangu tulipoiacha ardhi ya Bukoba, sikuruka hata moja. Nikamwambia sikuangalia saa.